Meza Yenye Tundu la Bakuli

Nilikuwa najivunia kushika moto. Nianze na upumbavu huo, maana ugonjwa wangu ulibisha hodi mapema kabisa, na mimi badala ya kuuliza ni nani, nikawaita majirani waje kuutazama.

Jioni moja mke wangu, Nyangeta, aliacha uji jikoni. Ulitaka kufurika, nami nikaepua sufuria kwa mkono mtupu, mkono wa kushoto. Sikusikia kitu. Nyangeta alishangaa. Mimi ni karani wa boma, nimesoma mpaka darasa la kumi, na kazi nzito kuliko zote niliyoizoea ni kupiga mihuri. Nikaona hatimaye nimepata jambo la kiume la kujisifia. Tangu hapo mgeni akija kwetu Kitaji na sigara yake, nilikuwa nachukua kaa la moto kwa vidole na kumshikia mpaka iwake. Watu wakapiga makofi. "Karani ana mkono wa mhunzi," wakasema, nami nikavimba kama chura.

Siku ya mwisho ya mchezo huo Mama Zuhura alikuwa amekaa barazani kwetu. Huyu ni jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, muuza maandazi. Baba yake alitoka Ujiji, mama yake ni Mjita wa hapa hapa, na mdomo amerithi kwa wote wawili. Nilikuwa nimeshamwashia mgeni sigara, naongea, naongea sana kama kawaida yangu. Mama Zuhura akanusa hewa.

"Nyangeta, umeweka nyama motoni?"

"Nyama ya wapi? Leo dagaa."

"Basi kuna nyama inaungua hapa."

Wote tukanusa. Mimi nilinusa kuliko wote, hata nikainuka niende jikoni kuchungulia. Ndipo Nyangeta akapiga kelele, akanirukia mkono. Nyama yenyewe ilikuwa mimi. Kaa nililosahau kulitupa lilikuwa limejibanza kati ya kidole cha pete na kidole cha mwisho, linakula ngozi taratibu, na mimi natafuta harufu inatoka wapi.

Hakuna aliyepiga makofi siku ile.

Naandika haya kwa ajili ya mtu mmoja. Simjui jina, lakini namjua. Ana baka mahali fulani mwilini, jeupe jeupe, haliwashi wala haliumi, na jua likiwa kali sehemu zote zinatoka jasho isipokuwa pale. Analifunika kwa shati la mikono mirefu. Anajiambia ni mba, ni ukurutu, ni sabuni mbaya. Ndugu yangu, mimi langu lilikuwa chini ya kiwiko, na nililiita "alama ya kuzaliwa" mbele ya mwanamke aliyeniona bila shati tangu tuoane.

Jina la ugonjwa nililijua kabla ya kuambiwa. Kwetu hata kulitaja watu hawataki, husema "ule ugonjwa mkubwa" halafu wanatema mate pembeni. Utotoni nilikuwa nawaona waliopatwa nao wakikaa mbali na msiba, mbali na harusi, wakisubiri kutupiwa chakula. Wengine walipelekwa kwenye kambi ya wakoma, na kurudi kwao hakuna aliyekuwa anakusimulia. Kwa hiyo kidonda cha kaa kilipoanza kupona, mimi nilianza kuugua hofu. Nilijitazama kwenye kioo kuliko bibi harusi. Nilikuwa nashika masikio nione kama yamenenepa, nahesabu nyusi kama zimepungua. Sura yangu haijawahi kumpendeza mtu, lakini mwaka ule niligundua kwamba naipenda sana.

Hospitali ya mjini sikwenda. Pale Musoma karani wa boma akikohoa, mpaka sokoni wanajua amekohoa mara ngapi. Nilisikia kuna zahanati ya misheni nje kidogo ya Bunda yenye kliniki ya ugonjwa huo, nikapanda basi. Nami ni mtu ambaye safari ya kutoka kitandani hadi barazani huiona ndefu. Nyangeta nilimwambia nakwenda kutibiwa ngozi. Majirani walipouliza, mdomo wangu ulinitangulia.

"Nina ng'ombe kule Bunda. Nimempa mtu anichungie."

Uongo huo uliponyoka kirahisi hivyo, nami nikauona mzuri. Karani mwenye ng'ombe!

Pale zahanati palikuwa na benchi mbili. Moja ilikuwa ndani ya baraza, ya akina mama na watoto wa homa. Nyingine ilikuwa peke yake mwisho wa jengo, chini ya paa la majani. Sikuhitaji kuelekezwa, lakini sikukubali. Nilisimama katikati, kofia mkononi, kama mtu aliyekuja kukagua majengo. Kwenye ile benchi ya pembeni alikuwepo mzee mvuvi wa Kibara, jina lake Masatu. Mkono wake wa kulia ulikuwa na kidole gumba na visiki. Akanitazama, akacheka.

"Karani, kaa. Hii benchi haijamla mtu. Sisi tuliliwaga kabla ya kufika."

Akaninyooshea ule mkono anisalimie. Mimi nikafanya kama napiga chafya. Aibu yake ninayo mpaka leo. Lakini nisidanganye: siku ile sikuona aibu, niliona mkono wangu mwenyewe wa baadaye, na miguu ilitaka kukimbia.

Muuguzi alikuwa Mzungu, tulimwita Sista, mama mfupi mwenye Kiswahili cha kukatakata. Alishika kipande cha pamba na pini.

"Funga macho. Nikigusa, onyesha mahali."

Nikafunga. Akagusa shavu, nikaonyesha. Akagusa kidole gumba, nikaonyesha. Kisha akanyamaza, nami nikangoja. Nje mtoto analia, kuku wanaparua. Nikangoja mpaka nikaona ananichezea.

"Sista, mkono huu utaanza lini?"

"Nimemaliza," akasema.

Nilipofungua macho niliona vitone vya damu ya pini ubavuni mwa kiganja cha kushoto, vimejipanga kama mishono, kutoka kwenye kifundo cha mkono mpaka ncha ya kidole cha mwisho. Nilivitazama kama vya mtu mwingine. Halafu nikatapika kwenye kofia yangu, kofia nzuri ya boma.

Sista hakunihubiria. Alisema dawa ipo, vidonge vyeupe, nivimeze mbele yake kila siku ya kliniki. Alisema nikija bila kukosa sina haja ya kambi, na aina yangu si ile ya kuambukiza sana. Kisha akainua mkono wangu juu ya meza.

"Huu hausikii tena. Kwa hiyo utausikia kwa macho. Usipouangalia, utaupoteza. Si ugonjwa utakaokata vidole, ni moto, kisu, msumari. Na usiulaze tu, vidole vitajikunja. Upe kazi."

Kati ya maneno yote hayo nililolibeba kwenye basi ni "utaupoteza".

Basi nikawa mtu wa vidonge. Nilianza na nusu, kisha kizima, kisha viwili, mvua za vuli zikaja zikapita. Mwili ulibadilika kwa namna ambayo sikutegemea: damu ilipungua, midomo ikawa kama ya mtu aliyelamba majivu, ngazi ya boma ikawa mlima. Mama Zuhura akawa ananichungulia kila nikirudi kutoka kituo cha basi.

"Karani! Ng'ombe gani hao wanaangaliwa kila wiki, maziwa hatuyaoni?"

"Madume matupu, mama."

"Kumbe. Na wewe unavyokonda, nadhani ndio wanakukamua."

Nilicheka naye. Niliingia ndani nikaketi nyuma ya mlango.

Tatizo la ng'ombe wa uongo ni kwamba wanatembea kuliko wa kweli. Walifika mpaka Butiama, kwa wakwe. Siku moja alikuja shemeji yangu Wambura, kaka mkubwa wa Nyangeta, amevaa koti na kushika fimbo. Mama Zuhura aliposikia kuna mgeni akapitisha pilau juu ya ukuta katika bakuli lake la bati lenye maua mekundu. Ndivyo tulivyoishi: bakuli huvuka na chakula, na halirudi tupu. Likija na pilau linarudi na samaki, likija na maandazi linarudi na viazi, na ukilirudisha tupu umemwambia jirani kwamba umemaliza naye.

Tukakaa mkekani. Wambura akala tonge mbili, akafuta mdomo.

"Shemeji, nimekuja kuona wale ng'ombe. Yale mahari yaliyobaki tulikuwaga tunanyamaza tu, tukijua huna. Kumbe unao, umewaficha Bunda."

"Hawawezi kuonwa kwa sasa," nikasema. "Wana ugonjwa."

"Ugonjwa gani?"

Nikatafuta ugonjwa wa ng'ombe. Nimezaliwa kwenye zizi, lakini sikuukumbuka hata mmoja. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa pajani, vidole viwili vimeanza kujikunja kidogo, na Wambura alikuwa anavitazama.

"Si wao," nikasema. "Ng'ombe hawapo. Mgonjwa ni mimi."

Sikulitaja jina. Halikuhitajika. Wambura alinawa mikono na pilau bado lipo kwenye bakuli. Alinawa mpaka viwiko. Nyangeta hakulia.

"Mimi nilikuona unaungua," akasema. "Mimi niliyekutoa kaa mkononi. Ukaona unifiche mimi?"

Asubuhi Nyangeta aliondoka na kaka yake na watoto wetu kwenda Butiama. Alisema ni kwa ajili ya watoto, hakusema mpaka lini, na mimi sikuuliza kwa kuogopa kujibiwa. Ukuta wetu ni wa udongo, Mama Zuhura alikuwa amesikia kila neno. Haikupita muda boma nako wakajua. Mkubwa wangu aliniita akanisemesha akiwa amesimama dirishani, uso nje, kwamba nikae nyumbani mpaka daktari aseme nimepona. Maisha yangu yote nilitamani mtu aniamuru nikae nyumbani. Nilipoamriwa, nililia njia nzima.

Nyumbani likabaki lile bakuli. Nililiosha kwa jivu. Nililichemsha. Nililiweka juu ya ukuta, nikaenda, nikarudi mbio kulishusha kabla hajaliona. Nitalirudishaje? Tupu ni tusi, na nikiweka chakula nani atakila? Sista alikuwa amesema vyombo havina neno, lakini hofu haisikilizi wauguzi. Mama Zuhura naye hakuliulizia, na chakula hakikuvuka tena. Nikajua nimeshajibiwa.

Sasa niseme habari ya meza, kwa sababu bila meza hiyo nadhani ningekufa kwa kukaa.

Kabla ya ugonjwa, Mzungu mmoja wa mitambo kule mgodini Kiabakari alikuwa anakuja boma kwa shughuli zake, akaona mwandiko wangu mdogo ulionyooka. Akanifundisha kufunga ndoana za manyoya. Ni ndoana ndogo unayoizungushia uzi na manyoya ya jogoo au kanga mpaka inafanana na mdudu, samaki akiona anadanganyika. Alinipa jiliwa dogo la chuma la kubana ndoana, nami jioni nilikuwa namfungia. Nilifanyia kazi hiyo kwenye meza ya chakula, na Nyangeta alikuwa akigomba, "Leo tena nimetafuna bawa." Sasa nilikuwa na mchana mzima na meza yote ni yangu. Lakini nilipoketi pale, mahali pa watoto pako tupu, sikuweza. Nikaamua nitengeneze meza ya kazi, yangu, iwekwe dirishani, ile ya chakula ingoje wenyewe.

Msidhani mimi ni seremala. Mbao nilitoa kwenye masanduku ya chai, miguu ni vipande vya mvule nilivyookota wanakochongea mitumbwi. Msumeno, randa na patasi niliazima kwa fundi mmoja wa mtaa wa pili ambaye habari zangu zilikuwa bado hazijamfika, Mungu anisamehe. Mguu wa kwanza niliukata mfupi, nikakata mingine ilingane nao, ikawa mifupi kuliko ule wa kwanza. Nikaendelea hivyo mpaka meza ikakaribia kuwa kigoda.

Kilichonitisha kilikuwa mkono wenyewe. Kugonga msumari ukiwa umeshika kwa vidole visivyosikia ni kama kumshikisha msumari mtu aliyelala. Mara ya kwanza niliona mbao inakuwa nyekundu, nikafikiri ni rangi ya sanduku inachuja. Nikaifuta kwa kiganja, ikazidi. Ilikuwa damu, na sikujua imeanza lini. Nikaketi chini na nyundo yangu, mwanaume mzima, nahesabu vidole. Nikamkumbuka Mzee Masatu aliyeniambia kwenye benchi jinsi vidole vyake vilivyokwenda: kamba ya nyavu ilivikata usiku baada ya usiku, naye anavuta tu, anaimba.

Nilikuwa na wino mwekundu niliouleta kutoka boma. Nikapaka kucha za vile vidole viwili, ili jicho likipita lishtuke. Nikajiwekea utaratibu: kabla ya kugonga, tafuta nyekundu. Kabla ya kukata, tafuta nyekundu. Ukiweka chombo chini, geuza mkono uutazame pande zote kama mnunuzi wa nyanya. Kazi ya saa moja ikawa ya siku, lakini damu haikurudi kwenye mbao. Wewe ninayekuandikia, kama hutabeba kitu kingine kutoka hapa, beba hicho.

Meza ikasimama. Nikaipigia ukingo mbele ili vitu visidondoke, nikalikaza jiliwa upande wa kulia, nikatoboa matundu ya kusimamisha reli za uzi. Nikamwaga ndoana mezani, nikaanza. Nilifunga vizuri asubuhi nzima, nikaimba na nyimbo. Nilipoinuka kunywa maji, kitambaa cha meza ya chakula kikanifuata. Nikavuta, kikavuta. Nikageuza mkono. Ndoana ilikuwa imezama ubavuni mwa kiganja mpaka kwenye jicho lake, nyingine kando yake, na ya tatu imelala chini ya ngozi kama mwiba wa samaki. Nilikuwa nimetembea nazo. Nilikuwa nimeimba nazo.

Nilizikata na kuzitoa kwa koleo, sikusikia kitu, na huko kutosikia kulinifanya nipige kelele. Mama Zuhura alikohoa upande wa pili wa ukuta.

Ndoana hazitakiwi kutawanyika mezani, hilo lilikuwa wazi. Zinataka chombo chenye kina, kisichohama ukikigusa, ambamo mkono wa kushoto hauwezi kuingia kwa bahati mbaya. Nikatazama nyumba nzima. Chombo cha namna hiyo kilikuwa kimoja, kinanitazama kutoka rafuni kwa maua yake mekundu. Nikachora duara kwenye mbao, nikazungusha matundu kwa keekee, nikamalizia kwa patasi na msasa. Bakuli likashuka mpaka kwenye mdomo wake, likakaa kama limezaliwa mle. Nikajiambia: haliwezi kurudi, basi na liishi. Tangu siku ile sikujichoma tena bila kujua.

Masika yalipoanza, nikadhani nimeshavuka. Wadudu wa ziwani walikuwa wanapanda juu ya maji kama moshi wa nyumba inayoungua, nami nilikuwa nawaigiza kwa unyoya wa kijivu na uzi mweusi. Nilimpelekea Mzee Masatu mdudu mmoja niliyemfunga. Akamgeuza kwa kidole gumba chake.

"Samaki wa Kibara hawana ujinga huu."

Kliniki iliyofuata akaniletea samaki mkubwa, kuyu, amefungwa kwenye majani. "Yupo mmoja mjinga," akasema. Akaninyooshea mkono. Safari hii niliushika, nikaukawiza.

Halafu kiwiko kikawaka. Kilianza kama jino, kikawa kama mtu anakata mfupa kwa msumeno. Homa ikapanda, baka likavimba likawa jekundu, na vile vidole viwili vikaanza kujikunja mbele ya macho yangu, kila siku zaidi, kama majani ya mgomba uliokatwa. Nilisafiri mpaka Bunda nimelala kwenye sakafu ya basi. Nilikuwa na hakika nimeshindwa, dawa imekataa, sasa ni kambi.

"Mwili wako unapigana na wadudu," Sista akasema, "na unapigania kwenye mshipa. Inaweza kuacha kilema. Inaweza kupita."

"Ipi kati ya hizo, Sista?"

"Sijui."

Sijawahi kusikia neno la kutisha kama hilo kutoka kwa mtu aliyevaa nguo nyeupe. Alinipa dawa ya maumivu, akaniambia nitengeneze ubao wa kunyooshea vidole nikilala, wenye sufi na kitambaa. Nilitumia mabaki ya mbao za meza. Wiki zile sikufunga ndoana. Nilikaa mbele ya meza, mkono kwenye ubao, natazama kucha nyekundu, nazisihi. Kuna mchana niliziita kwa majina ya watoto wangu.

Katikati ya masika hayo mlango ulisukumwa. Nyangeta alikuwa amelowa chapachapa, kikapu cha mtama kichwani, watoto nyuma yake.

"Nimekuja kuangalia kama bado una vidole," akasema.

Nikanyoosha mikono yote miwili. Alivihesabu kimoja kimoja, akivishika. Vile viwili alivishika mara mbili.

"Wambura amekuruhusu?"

"Wambura ana mke wake wa kumruhusu." Akaitazama meza, manyoya, tundu. "Na hili libakuli la watu?"

"Nyamaza, mama. Atasikia."

Maumivu yalipungua mvua zilipopungua. Kidole cha pete kilinyooka karibu chote, cha mwisho kilibaki kimejikunja kama ndoana, na mpaka leo vyote viwili havisikii. Lakini siku moja nikiwa nafunga, kitu kilinichoma katikati ya kiganja, mahali palipokuwa pamekufa. Kilichoma kweli kweli. Nikaruka, nikapiga mayowe, Nyangeta akaja mbio na mwiko.

"Imeuma!" nikamwambia. "Imeuma, mama watoto, njoo uone!"

"Wewe umerukwa," akasema, akaketi chini akalia kwa mara ya kwanza.

Wakati wa mavuno ya mtama Sista alikwangua ngozi ya sikio langu kama alivyokuwa akifanya kila baada ya miezi kadhaa, akatazama kwenye darubini yake ya kuonea wadudu, akasema wadudu hawaonekani. Aliandika barua ya boma. Vidonge niliendelea navyo, naendelea navyo, wala usije ukaacha vyako kwa sababu umefurahi. Nilirudi kazini. Wengine walinisalimia kwa mkono, wengine kwa kidevu. Lakini ukuta wa Mama Zuhura ulikaa vile vile, chakula hakivuki, na hiyo iliniogopesha kuliko kidevu cha karani mwenzangu. Ofisi inaweza kukupokea kwa barua. Jirani hapokei kwa barua.

Kisha Jumapili moja mchana, mlango ukiwa wazi kwa joto, aliingia mwenyewe. Hakupiga hodi. Nilikuwa mezani, ndoana kwenye jiliwa, uzi mdomoni. Nyangeta alikuwa anapepeta mtama uani, akasimama na ungo wake. Mama Zuhura akaizunguka meza, akapapasa ukingo, akatikisa mguu mmoja ukalia. Akaona maua mekundu.

Nilitaka kueleza habari ya jivu na maji ya moto, nikasema tu, "Usiguse, mama, zina ncha."

Akauchukua mkono wangu wa kushoto kama unavyochukua samaki sokoni, akaugeuza huku na huku, akauachia. Kisha akajifunga kanga vizuri kiunoni, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani:

"Ukoma umekuachia vidole vinane vizima, mimi umeniachia kabati bila bakuli tangu mwaka jana, mwaga hayo madude yako ulilete leo, na ole wako ulilete tupu."